Mwendo wa mbio: askari anasamehe, mfupa hausamehe

Ndugu wafanyakazi, na ninyi mama wa nyumba mnaosoma gazeti hili kabla ya waume zenu kulishika,

Mwezi huu sitasema juu ya malaria wala juu ya vumbi la mawe. Nitasema juu ya njia. Na katika mambo ya njia nitashika jambo moja tu: mwendo wa mbio, na feza tunazotoa kwenye kizuizi ili tuachiliwe tuendelee na mbio zile zile.

Najua wako watakaosema: “Mganga wa kampuni anaingilia kazi ya polisi kwa nini? Ashike sindano yake.” Jibu langu ni fupi. Mtu aliyevunjika paja njiani halali kwa polisi. Analala kwangu.

Siku moja ya mvua, jioni, waliniletea fundi mmoja wa garaji yetu. Alikuwa amepanda pikipiki ya kukodi, motari mbele, yeye nyuma, na mfuko wa viazi katikati. Mguu wake wa kuume ulikuwa umegeuka, unyayo ukiangalia upande usio wake. Nilipokuwa ninaufunga kwa mbao, nilimwuliza maneno ili asilale usingizi. Akanieleza hivi.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari aliinua mkono, akawaambia kwamba wanakimbia mno. Motari akatoa noti ya franga 1.000. Askari akasema: “Haya, muende pole.” Wakaenda, lakini si pole, maana ile elfu moja ilipaswa kurudi mfukoni kabla ya usiku. Walipokaribia kizuizi cha pili, motari hakutaka kutoa tena. Akaona lori linapita, akajificha ubavuni mwa lori, akafungua moto mpaka mwisho. “Munganga,” fundi akaniambia, “tulikuwa tunakimbia ili tusilipe kwa sababu ya kukimbia.” Mbele ya lori palikuwa na kona, na katika kona udongo mwekundu uliolowa.

Yule fundi amepona, ila mguu wake mmoja umekuwa mfupi, na hawezi tena kuingia chini ya mashine. Sasa anatunza stoo ya vyombo. Motari sikumfunga mbao. Hapakuwa na haja.

Tangu siku ile nimejiuliza: kosa lilikuwa la nani? Wengi wanajibu upesi: la askari. Wengine: la motari. Tulitazame jambo hili kama tunavyotazama ajali ya machimboni, bila hasira, kwa kufuata kila kitu mahali pake.

Askari anatafuta nini?

Sheria ya njia katika nchi yetu ni ile namba 78-022 ya tarehe 30 Agosti 1978. Polisi wa barabara, wale tunaowaita PCR, wamewekwa ili waisimamie. Lakini mwendo ni kitu kinachopita. Hauwezi kuushika mkononi. Ili kuupima kunahitajika chombo, na mimi binafsi, katika safari zangu zote kati ya Beni na Butembo, sijaona askari akiwa na chombo hicho. Ana jicho lake tu. Jicho linaweza kusema “huyu anakimbia”, lakini haliwezi kusema anakimbia kilometre ngapi, na mbele ya shofere mwenye maneno mengi askari hana la kumwonyesha.

Karatasi, lakini, zinaonekana. Kibali cha kuendesha kipo au hakipo. Asiransi imekwisha au haijakwisha. Kwa hiyo kazi ya kizuizi inageuka kuwa kazi ya karatasi. Tena angalieni nani anayesimamishwa. Gari linalokuja kwa mwendo wa 80 ni hatari kulisimamisha; askari ataruka kando, naye ana watoto. Anayesimamishwa kirahisi ni yule anayekuja polepole, baba mwenye pikipiki ya zamani, mama mwenye mizigo ya ndizi. Basi somo tunalofundishwa na kizuizi, bila mtu kusema neno, ni hili: anayekwenda pole analipa, anayekwenda mbio anapita.

Kwa nini iwe hivyo? Huko Kinshasa watafiti, Wakongo pamoja na wageni, walichunguza namna idara ya polisi wa barabara inavyopata feza. Matokeo yao yalitolewa mwaka 2024 katika gazeti kubwa la wataalamu wa uchumi la Marekani. Walikuta kwamba feza zilizoingia zilikuwa mara tano ya zile za faini halali. Nyingine zilitoka katika mpango wa siri kati ya wakubwa wa vituo na askari wa njiani: mkubwa anamtaka askari alete idadi fulani ya mashofere kituoni, na kule kituoni shofere anabanwa mpaka atoe. Watafiti walisema pia kwamba mpango huo unaharibu kazi yenyewe ya polisi, na hilo si la kushangaza. Mtu aliyetumwa kuleta mashofere hawezi wakati ule ule kuangalia njia.

Hiyo ni Kinshasa, na mimi sina hesabu ya huku kwetu. Lakini neno “raportaji”, yaani kile anachopelekewa mkubwa jioni, tunalijua sote. Kule wanaita feza ndogo ya barabarani madesu ya bana, maharagwe ya watoto. Sisi tunaotoka upande wa Butembo tunajua maharagwe ni chakula cha heshima, na ninaona ni aibu jina lake kutumiwa hivyo. Lakini tusisahau kwamba nyuma ya jina hilo wako watoto wa kweli. Mshahara wa askari ni mdogo, na unakawia. Watoto wake wanakaa benchi moja na wetu shuleni.

Sasa mtazameni motari. Pikipiki nyingi si mali ya anayeziendesha. Kila jioni lazima ampelekee mwenye pikipiki malipo ya siku, mvua inyeshe isinyeshe, abiria wawepo wasiwepo. Kinachobaki ndicho chakula chake. Kwa hiyo anakimbia, si kwa utundu wa ujana tu, bali kwa deni la jioni. Na askari naye ana deni lake la jioni. Watu wawili wenye deni wanakutana kwenye kamba iliyokatiza njia, wanapatana, kila mmoja anaondoka na nafuu kidogo. Asiyekuwemo katika mapatano hayo ni mtoto anayevuka njia kilometre moja mbele.

Na sisi wa kampuni tusikae kama mashahidi wasafi. Shofere wa lori anayelipwa kwa hesabu ya safari naye amewekewa deni la jioni, na sisi ndio tuliomwekea. Nimelisema hilo katika mkutano wa usalama na ninaliandika hapa tena. Hata mimi mwenyewe: siku moja ambilansi yetu ilikuwa inarudi tupu, hakuna mgonjwa, shofere akawasha king’ora na kukimbia, akapita kizuizini kwa kumpungia askari mkono. Nilikaa kimya, kwa sababu nilitaka kufika kabla mpira haujaanza. Askari hawezi kulaumiwa kwa siku ile. Alisamehe kwa kuheshimu msalaba mwekundu ulioandikwa mlangoni.

Majirani wamejaribu nini?

Wengi wenu mnavuka Kasindi kwenda Uganda, mnahama kutoka mkono wa kuume kwenda mkono wa kushoto wa njia, jambo ambalo peke yake linadai mwendo wa pole. Mwezi wa Juni 2025 serikali ya kule ilianza kutumia kamera zinazosoma namba ya gari na kupima mwendo. Faini ilikuja yenyewe katika simu: shilingi 200.000 za Uganda kwa aliyezidisha kidogo, na 600.000 kwa aliyepita mpaka kwa zaidi ya kilometre 30 kwa saa. Hapakuwa na askari wa kubembeleza. Je, watu walifurahi? Hapana. Walipiga kelele kubwa. Walisema mahali pengine mpaka umewekwa chini sana, kilometre 30, bila vibao vya kutosha, na kwamba kamera zimewekwa kuvuna feza kuliko kulinda watu. Baada ya siku chache tu serikali ikausimamisha mpango ili uangaliwe upya.

Ninalitaja kwa sababu wengi wetu tunadhani mashine ingemaliza maneno yote. Kamera haina mfuko, ni kweli. Vilevile zile roboti za chuma za kuongoza magari ambazo Bibi Thérèse Izay na wenzake waliziweka Kinshasa mwaka 2013. Watu walizisifu kwamba hazipokei kitu. Lakini mwananchi akianza kuamini kwamba faini imewekwa kwa ajili ya feza, ataichukia hata kama imetoka kwa mashine, na ataacha kuuliza kwa nini kibao kiliandikwa 30. Atatafuta tu kamera iko wapi. Tanzania ni hivyo hivyo na kile chombo cha kupima mwendo wanachokiita tochi: mashofere wanaokutana njiani wanawashiana taa kupashana habari kwamba mbele kuna trafiki. Wanapunguza mwendo mahali penye tochi, si mahali penye shule.

Kenya walifanya jambo lingine. Waziri John Michuki alitoa amri iliyoanza kutumika Februari 2004: kila matatu iwe na chombo kinachozuia gari lisipite kilometre 80 kwa saa, na kila kiti kiwe na mkanda. Siku za kwanza magari mengi yalikaa nyumbani, watu wakatembea kwa miguu, lakini waziri hakurudi nyuma. Uzuri wa amri ile ni kwamba ilishika mwendo ndani ya gari lenyewe, sio njiani baada ya kosa. Ubaya wake ulikuja baadaye: mafundi wakajifunza kuvilegeza vile vyombo, na jicho la ukaguzi likafumba. Kwa malori yetu ninaona njia hiyo ndiyo nzuri, maana ufunguo wa garaji tunao wenyewe.

Mwili hauna kizuizi cha pili

Sasa niruhusuni kurudi katika kazi yangu.

Ninyi mnaofanya kazi machimboni mnaogopa shimo. Hakuna anayekaribia ukingo bila kamba. Basi sikilizeni hesabu hii. Kugonga ukuta kwa mwendo wa kilometre 40 kwa saa ni sawa na kuanguka kutoka juu metre 6. Kwa mwendo wa 60 ni kuanguka metre 14. Kwa mwendo wa 80 ni metre 25. Mwendo umeongezeka mara mbili tu, kutoka 40 mpaka 80, lakini shimo limekuwa refu mara nne. Motari anayekwenda 80 akiwa amevaa kandambili amesimama ukingoni mwa shimo la metre 25, na abiria wake anamshika kiunoni.

Na kusimama je? Jicho likiona mbuzi, mkono unahitaji karibu sekunde moja kabla ya kushika freni. Katika sekunde hiyo gari la mwendo wa 60 limekwisha kwenda karibu metre 17 bila kupunguza kitu. Kwenye lami kavu, freni zikiwa nzuri, gari la mwendo wa 40 linasimama katika metre 20 hivi. La 60 katika metre 36. La 80 katika metre 57. Kwenye udongo wetu uliolowa, hesabuni karibu metre 32, 63, na zaidi ya 100. Freni mbovu sizihesabu, kwa kuwa hizo hazina hesabu.

Shirika la Afya la Dunia linasema kwamba mwendo wa wastani ukiongezeka kwa 1 kwa mia, ajali za kuua zinaongezeka kwa karibu 4 kwa mia. Na linasema ajali za barabara ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 mpaka 29 duniani. Hapa Beni, ambapo vijana wetu wamekufa kwa mapanga na risasi, tunasahau hili la pili, kwa sababu haliji usiku wala halichomi nyumba.

Tena faida ya mbio ni nini? Kutoka Beni mpaka Butembo ni kilometre 54 hivi. Hata kama njia yote ingekuwa laini, na Maboya na Kabasha pasingekuwa na mtu hata mmoja, mwendo wa 40 ungekuchukua dakika 81, na wa 60 dakika 54. Umeokoa dakika 27. Mabishano mawili ya kizuizini yanazimaliza zote.

Ufanye nini wewe?

Kwanza, kizuizi usikikimbie kamwe. Tangu Mei 2021, ilipowekwa hali ya dharura katika jimbo letu na Ituri, vizuizi vingine ni vya wanajeshi, na vina sababu ambayo sote tunaijua. Ukiwa mbali, huwezi kupambanua kizuizi cha karatasi na kizuizi cha vita. Anayewalinda watu dhidi ya wauaji akiona pikipiki inafungua moto kumpita, anaweza kufyatua risasi, na hatangoja kuuliza kama ulikuwa unakwepa franga elfu moja. Punguza mwendo mapema, zima taa kali usiku, mikono ionekane.

Pili, karatasi zako ziwe kamili. Ninajua zina bei. Lakini mtu mwenye karatasi kamili anaweza kusema kwa heshima: “Shefu, kama nina kosa, niandikie.” Faini halali inaandikwa. Ina karatasi yake ya kulipia, noti ya persepsio, na feza inakwenda katika hesabu ya serikali kwa njia ya DGRAD, haikunjwi ndani ya kitabu cha kibali. Kusema hivyo kutakuchelewesha. Pengine nusu saa, pengine zaidi. Sikudanganyi kwamba kila mara utashinda.

Ukikamatwa kwa mwendo na ukawa kweli ulikuwa unakimbia, usiseme “askari huyu anatafuta feza tu”. Yawezekana anatafuta feza, na yawezekana pia ulikuwa unakaribia kuua mtu. Mambo hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja. Hapo ndipo ninapoona tunapotea zaidi: udhaifu wa askari tumeufanya kuwa ruhusa yetu.

Kwenu akina mama. Ninyi ndio abiria wengi wa pikipiki, mkiwa na mtoto mgongoni na mwingine mbele ya motari. Mnajua kupunguza bei. Hakuna motari wa Beni anayewashinda. Mwendo nao upatanisheni pale pale kabla ya kupanda: “Mwanangu, bei ni ile uliyosema, sipunguzi, lakini unaenda pole, na ukikimbia nitashuka.” Motari ana deni la jioni, nimekwisha kusema. Franga 200 usizompunguzia zinafanya kazi kuliko maneno mia ya kumsihi njiani akiwa na upepo masikioni.

Kama ajali imetokea, msimkunje majeruhi katikati ya watu wawili juu ya pikipiki ili kumwahisha. Wengi wanapooza kwa njia hiyo. Mlazeni chali juu ya ubao au mlango, kichwa na shingo vikishikwa visicheze, bandikeni kitambaa safi na kukandamiza mahali panapotoka damu, kisha tumeni mtu dispensari. Mkoba wangu uko tayari mchana na usiku.

Mwisho, kazi ya nyumbani. Nataka kujua mwendo wa pikipiki na malori mbele ya shule ya watoto wetu, maana mita za mwendo za pikipiki nyingi zimekufa, na madereva wenyewe hawajui wanakwenda ngapi. Chagueni miti miwili kando ya njia, pimeni metre 100 kati yake kwa kamba. Mtu mzima akae mbali na njia, akiwa na simu yenye saa ya sekunde. Chombo kikipita mti wa kwanza, aanze. Kikipita wa pili, asimamishe. Sekunde 12 ni mwendo wa 30. Sekunde 9 ni mwendo wa 40. Sekunde 6 ni 60. Sekunde 4 na nusu ni 80. Msiandike namba ya mtu yeyote wala jina. Andikeni sekunde tu, na saa ya siku, na kama ni lori la kampuni au si la kampuni.

Nileteeni karatasi hizo dispensari siku yoyote ya kazi kabla ya mwisho wa mwezi. Zile za malori ya kampuni nitazipeleka mwenyewe kwa mkuu wa garaji, na hesabu zote nitazibandika katika ubao ulio karibu na mlango wa kulipia mishahara, mahali ambapo hakuna asiyepita.